Jiwe la Maktau na Mistari Iliyofutika

Voi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rukia,

Habari za nguo, dawa na namna ya kukaa na watu wa nchi ya mbali, shangazi zako wameshakujaza masikio, na najua nusu yake umekwisha kuisahau. Sitaziongeza. Barua hii ni ya jambo moja tu, nalo limo ndani ya sanduku lako. Ni ile karatasi iliyoviringishwa, uliyoitandaza juu ya jiwe la Maktau ukaisugua kwa makaa mpaka maandishi yakatokea meupe ndani ya weusi. Ami yako Hamisi anataka ukawaonyeshe walimu wako huko Khartoum, wayasome, kisha umtumie maana yake. Akishaipata, anataka kulifungua tena lile shimo lililomfunika baba yako. Na atakayeingia wa kwanza, kwa kuwa ni mwembamba na haogopi kitu, ni kaka yako Twaha.

Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba shimo lile lilichimbwa kwa neno langu mimi.

Umekua ukiambiwa kuwa baba yako alikufa akitafuta mawe ya kijani, kama walivyokufa zurura wengine, hawa vijana wetu wanaochimba vito vichakani bila leseni. Ni kweli, lakini si kweli yote. Salim alichimba pale, na si kwingine, kwa sababu mkewe alimsomea jiwe.

Nianze mbali kidogo, ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani.

Babu yako mzaa mama alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake kule Mombasa. Alinifundisha nikiwa mdogo, kwa kidole juu ya vumbi la unga kwenye kaunta ya duka lake. Shuleni nikafundishwa herufi hizi ninazokuandikia. Nilikuwa msichana wa kukaa mbele, wa kunyoosha mkono kabla swali halijaisha, na kwa kuwa nilijua maandishi ya aina mbili nilijiona nimebeba funguo mbili mahali ambapo wenzangu wana moja. Mwalimu wetu wa darasa la saba, Mwalimu Mkamburi, alikuwa mwenyeji wa Wundanyi, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyethubutu kumkatiza. Siku moja alichora ubaoni jiwe lenye mikanda mitatu ya maandishi, akatuambia limetoka Misri.

"Ukipewa kitabu ambacho huijui lugha yake wala herufi zake," akauliza, "utaanzia wapi?"

Nikanyoosha mkono. "Kwa kumwomba Mungu, mwalimu."

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. "Omba," akasema, "halafu tafuta majina."

Akatueleza. Jiwe lile lilikuwa limeandikwa tangazo moja kwa maandishi ya namna tatu, na mojawapo, Kigiriki, kilikuwa bado kinasomeka. Majina ya wafalme hayabadiliki sana yakihama kutoka lugha moja kwenda nyingine, na katika mkanda wa juu yalikuwa yamezungushiwa duara. Wataalamu waliyashika majina yale, wakapata herufi chache. Kwa herufi chache wakapata nyingine. Kisha akasema jambo la tatu, nalo alilisema polepole: kwamba hata baada ya kupata herufi zote wasingeelewa kitu, lau kama mjukuu wa lugha ile ya kale asingekuwa bado anatumika katika sala za kanisa la wenyeji wa Misri. Sauti walizipata kwenye majina. Maana waliipata kwa sababu lugha haikuwa imekufa yote.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Nililishika sana lile la majina. Lile la mwisho liliniingia sikio hili likatokea lile.

Sasa baba yako. Alikuwa akinunua mbuzi kwa wafugaji na kuwaleta kwenye bucha za hapa mjini. Siku moja beberu alimkatikia kamba upande wa nyuma ya Maktau, akamfuata mpaka kwenye kilima kidogo chenye miiba. Mbuzi hakumpata. Alilikuta jiwe pana limelala kwenye mteremko, limechongwa maandishi. Wewe ulikuwa bado unanyonya, na Twaha ndiyo kwanza ameanza kwenda chuoni kusoma juzuu. Salim aliporudi hakutaja habari ya mbuzi hata kidogo. Alifunga mlango, akasema, "Mwanaisha, ni herufi za baba yako."

Unajua yanayosemwa katika ile njia ya reli ya Taveta. Vita vya Wazungu vilipita pale, Waingereza na Wajerumani, na askari walioletwa kutoka Bara Hindi, na wapagazi wetu ambao hakuna aliyewahesabu. Mpaka leo huwezi kupata mtoto wa upande ule asiyejua hadithi ya sanduku la Mjerumani lililofukiwa. Na juu ya hadithi hiyo kuna mawe ya kijani, ambayo si hadithi, yanapatikana kweli. Kwa hiyo mtu akikuta jiwe lenye maandishi katika nchi ile, haulizi linasema nini. Anauliza linaonyesha wapi.

Tulikwenda watatu, mimi na baba yako na Hamisi, wewe ukiwa mgongoni. Nilipiga magoti, nikapangusa vumbi kwa ncha ya leso, nikaanza kusoma. Herufi zilikuwa zetu, isipokuwa chache zilizoongezwa alama ambazo babu yako hakuzitumia. Nilitamka mstari wa kwanza wote, kwa sauti. Wanaume wawili walisimama juu yangu hawapumui.

"Maana yake?" Salim akauliza.

"Sijui. Si Kiswahili. Wala si Kiarabu cha msahafu."

"Lakini unasoma!"

"Natamka, Salim. Sisomi."

"Mtu atatamkaje kitu asichokijua?" Hamisi akadakia. "Shemeji anatuficha huyu. Anataka aje kuchimba na kaka zake."

Tukacheka sote. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu ndicho cha mwisho ninachoweza kukikumbuka bila kuumia.

Chini kule, karibu na reli, kulikuwa na makaburi machache ya askari, yamemezwa na majani. Nililikuta moja lenye maandishi ya Kiingereza juu na herufi zile zile chini yake. Nikafanya kama Mwalimu Mkamburi alivyotufundisha. Nikachukua jina lililoandikwa kwa Kiingereza, nikalitafuta chini, nikalipata. Nikarudi kwenye jiwe letu la kilimani na kukuta sehemu ya jina hilo hilo, mara mbili. Rukia, mwili ulinisisimka. Nilijua sasa kwamba mstari wa kwanza na wa pili ilikuwa na majina ya watu watatu na ya baba zao. Nilikuwa sahihi. Mpaka leo niko sahihi. Kama ningeishia hapo, baba yako angekuwa hapa jioni hii, anakusumbua kuhusu kufuli la sanduku.

Lakini baada ya majina kulikuwa na maneno, na Salim hakutaka majina. Kila jioni baada ya chakula alikuja na ile nakala niliyoiandika, akaiweka mbele yangu.

"Na hili?"

"Sijui."

"Halifanani na chochote? Hata kidogo?"

"Labda lina maana ya 'ndani'."

"Na hili?"

"Labda 'waliweka'. Labda, Salim. Usinishike."

Na kulikuwa na mchoro mrefu pembeni mwa jiwe, kama mtu alikwaruza kwa patasi. Nikasema labda unaonyesha upande. Ule upande kulikuwa na mwamba, na chini ya mwamba udongo uliokuwa umebonyea kidogo, kama mahali palipochimbwa zamani.

Nilimwambia hayo jioni. Asubuhi nikamsikia uani akimweleza Hamisi: "Ni majina ya walinzi watatu. Waliweka ndani. Mchoro unaelekea mwambani." Labda zangu zote zilikuwa zimeanguka kati ya chumba na ua. Nilikuwa jikoni nasukuma chapati, nikasikia kila neno, na sikutoka kuziokota.

Nimejiuliza sana kwa nini sikutoka. Sikuwa muongo, na sikuwa na tamaa ya mawe. Nadhani ilikuwa tamu. Tangu nimalize shule hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu akangoja jibu. Mume wangu alikuwa anangoja neno kutoka kinywani mwangu kama darasa linavyomngoja mwalimu. Maneno ya jiwe sikuyajua, lakini uso wa Salim niliujua, na nikawa nasoma uso wake badala ya jiwe.

Mara moja tu nilisema twende kwa yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, kwa kuwa nilihisi lugha ni ya kwao. Salim aliruka kama ameungua. "Tukamwonyeshe Mhindi? Atatutangulia na lori!" Hamisi naye akasema jambo kama hili haliambiwi mtu. Hivyo ndivyo tulivyo watu wa huku, Rukia. Kitu tukikiona kina thamani tunakificha hata kwa yule mmoja ambaye angetuambia ni nini.

Walichimba msimu mzima wa jua. Waliona udongo ni laini na kuta zinakubali sururu upesi, wakafurahi, wakasema ni dalili kwamba kuna waliowatangulia. Siku ile nilikuwa nimewapelekea chakula. Salim alikuwa ndani, Hamisi yuko juu anavuta ndoo. Sikusikia mlio wowote. Nilichoona ni Hamisi akiyumba nyuma akaanguka, kwa sababu kamba aliyokuwa anaivuta kwa nguvu imekuwa nyepesi ghafla. Kisha ardhi chini ya miguu yangu ikashuka kidogo, taratibu, kama godoro mtu anapokaa upande wa pili. Vumbi lilitoka mdomoni mwa shimo, likaendelea kutoka muda mrefu.

Watu walikuja kutoka Maktau na majembe. Kila walipoondoa udongo, mwingine ulishuka. Siku ya tatu wazee wakawazuia vijana, kwa kuwa mwamba wa juu ulikuwa umeanza kupasuka. Imamu alikuja kutoka Voi, akamswalia baba yako pale pale, mbele ya mlima wa udongo. Hakuoshwa. Hakukafiniwa.

Nilipomaliza eda nilikwenda kwa mzee wa duka la vitambaa, na nakala ile mkononi. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aniambie nilisoma sawasawa, na kwamba ni bahati mbaya tu. Alivaa miwani, akasoma mistari miwili ya kwanza kwa sauti, na ilikuwa sauti yangu mimi, herufi kwa herufi. Ila yeye alielewa. Majina ya askari watatu na baba zao. Vijiji vyao. Kisha akasema, "Hapa inasema walikuwa wanachimba handaki. Udongo uliwafunika. Wamo humo chini."

Akaendelea mpaka mstari wa tatu, ambao niliunakili kwa shida kwa sababu ulikuwa umelika, na mistari ya chini yake ilikuwa imefukiwa. Hapo akakoma kusoma.

"Na huu?" nikamuuliza.

"Huu umefutika, mama."

"Kisia tu, mzee wangu. Ninyi mnaijua lugha."

Alinirudishia karatasi. "Lugha naijua. Herufi hazipo. Nikikisia, yatakuwa maneno yangu, na hawa ni maiti. Siwezi kuwasemea."

Jiwe lile lilikuwa limekaa pale miaka yote hiyo likisema, kwa herufi nilizozijua tangu utotoni, kwamba ardhi ile huanguka. Niliitamka ile habari kwa kinywa changu, nikiwa nimekubeba, na nikawapa ruhusa ya kuchimba.

Nilimwambia Hamisi. Kwanza alisema Mhindi amenidanganya ili ajiendee mwenyewe. Baadaye, mzee yule alipokufa na hakuna aliyechimba, akabadilisha: sawa, ya juu ni ya wafu, lakini ya chini je? Mistari iliyofutika ndiyo aliyoishikilia miaka yote hii. Nadhani naelewa. Mstari ukifutika, mtu anaweza kuweka humo chochote alichopoteza.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Ziliosha kile kilima mpaka mifupa yake. Udongo uliofunika sehemu ya chini ya jiwe ukaondoka, na pembeni mwa mwamba pakafunguka tundu ambalo mtu mwembamba anaweza kupita. Hamisi alikuja kutoka kwake Bomeni na habari hiyo kama mtu aliyepata barua kutoka kwa marehemu. Anasema anataka kumtoa kaka yake azikwe kama Mwislamu. Maneno hayo yananichoma, kwa sababu ni haki, na kwa sababu ni mimi ninayepaswa kuyasema. Lakini leo niliangalia nyuma ya pikapu aliyoiazima. Sururu zilikuwemo, mtaimbo ulikuwemo, na chini ya turubai palikuwa na chekeche la zurura. Sanda sikuiona.

Sasa nije kwako.

Umenieleza habari za Meroe, ule mji wa kale ambao unakwenda Khartoum kujifunza maandishi yake, na nimezipenda kuliko ulivyodhani. Ulikuwa umekaa hapo mlangoni unachambua mchicha.

"Herufi zake zote zinajulikana, mama. Lilipatikana jiwe la hekaluni lenye majina ya mfalme na malkia kwa maandishi mawili, ya Misri na ya kwao. Wakaanzia hapo. Leo wanaweza kukusomea ukuta mzima kwa sauti."

"Unasema nini huo ukuta?"

"Hawajui! Wanajua majina ya wafalme, majina ya miungu, maji, mkate, na maneno mengine kidogo. Basi. Lugha yenyewe haijapatikana ndugu yake wa kuieleza."

"Wamekwama tangu lini?"

"Kabla wewe hujazaliwa."

"Na bado wanakwenda kazini kila asubuhi?"

Ulicheka mpaka ukaangusha bakuli. Kisha ukasema, "Wewe ungekaa Meroe wiki moja tu, ungekuwa umeshawatafsiria wote." Nikainuka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Uliniuliza nimeudhika na nini, nikakuambia ni jua. Sasa umejua.

Tangu siku hiyo nawafikiria wale watu. Mtu amekaa mbele ya ukuta. Anaweza kuutamka wote, kila sauti, labda kwa lafudhi ile ile ya waliouchonga. Hakuna mtu hai wa kumpinga akiutungia maana. Naye anaandika: halijulikani. Anafika neno la pili: halijulikani. Anazeeka, anamwachia mwanafunzi wake, na mwanafunzi anaendelea na yale yale. Nilikuwa nadhani mtaalamu ni mtu mwenye majibu mengi kuliko wengine. Sasa nadhani hao wameenda shule kujifunza kubeba pengo bila kulijaza. Mimi sikuweza kulibeba kutoka chumbani mpaka uani.

Na bado wana tumaini, ndicho kinachonishangaza. Umesema kila msimu wanachimba, kwamba jiwe moja jipya lenye maandishi mawili, refu la kutosha, linaweza kufungua yote. Pengine limo mchangani sasa hivi. Pengine leso itakayolipangusa ni yako. Hofu ninayo, vita vya kusini mwa nchi ile nimevisikia kwenye redio kama kila mtu, lakini siwezi kukuzuia usiende kwa watu wa namna hiyo. Natamani ningewafikia mimi kabla sijalifikia jiwe langu.

Nilitaka kukuandikia mpaka hapo tu, nikuombe usimtumie ami yako maana yoyote ambayo walimu wako hawajaikubali. Lakini leo baada ya alasiri, ulipokuwa umekwenda kuwaaga shangazi zako, Hamisi aliingia hapa akakaa kwenye kiti cha baba yako.

"Shemeji, hatungoji Khartoum."

"Kwa nini?"

"Mvua za vuli ziko karibu, tundu litazibika. Halafu kuna haja gani? Rukia kashasoma. Siku ile ile anasugua makaa. Kasema mstari wa mwisho una neno mlango."

"Alisema, Hamisi, au alisema labda?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya chai. "Si ni yale yale?"

Twaha alikuwa amesimama mlangoni, anakula muwa. Nikamwambia yale ya mzee wa duka, kama nilivyomwambia ami yake zamani. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mama, hayo ni ya wewe na baba. Huyu ni Rukia. Rukia si mtu wa kubahatisha. Amechukuliwa mpaka nje ya nchi kwa ajili ya kusoma mawe." Alisema kwa fahari, mwanangu. Alikuwa anakusifu.

Sikukuuliza uliporudi ulisema nini pale jiweni. Ulikuwa umechoka na una furaha, umepakwa hina mpaka viganjani, na nilikuwa sihitaji jibu. Najua ulichosema. Ulikuwa umepiga magoti, mikono myeusi kwa makaa, wanaume wamesimama juu yako hawapumui, na herufi zimetokea ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ukasema linafanana na neno fulani. Pengine ulisema huku unacheka. Sikulaumu hata kidogo. Ila ujue kwamba tangu pale jiweni mpaka kwenye pikapu ya Hamisi, kile kicheko kimeanguka, na yaliyobaki ni mlango.

Mpango wao ni huu. Kesho asubuhi watakusindikiza mpaka steji ya mabasi ya Nairobi, Twaha amebeba sanduku lako, Hamisi anaendesha. Wewe ukishaondoka, wataelekea Maktau moja kwa moja. Twaha hatarudi hapa nyumbani kwanza. Neno langu kwao halina uzito tena, nililitumia lote mara moja. Lako linao. Kwa hiyo mwambie Twaha, kabla hujapanda, mbele ya ami yako na mbele ya watu wa steji, kwamba hujui. Usimwambie "sina hakika", atadhani unajishusha. Usimwambie "nitauliza", atadhani unalinda siri. Fungua sanduku, itoe ile karatasi, umwonyeshe kwa kidole mahali penye herufi na mahali ambapo makaa yameteleza bila kushika kitu. Mwambie: hapa pana jina, hapa pana jina, hapa hakuna kitu nilichokisoma. Mwache aone kwamba dada yake, kichwa cha nyumba hii, amefika mwisho wa anachokijua. Utaona haya. Haya hiyo ni ndogo. Panda basi pamoja nayo, nenda kasome.

Wewe usiache safari. Hilo nakukataza.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uione utakapoamka. Usinitafute uani wala kwa jirani. Lori linalokwenda soko la Taveta hupita hapa baada ya swala ya alfajiri, na dereva amekubali kunishusha Maktau. Nitachukua mkeka, maji na mwavuli wa babu yako. Dua yangu ya safari nimekwisha kukuombea, na nitakuombea tena njiani, na nitakapofika.

Kama Twaha atakusikia, nitaona pikapu haiji, nami nitarudi jioni nikiwa na vumbi tu la kuoga. Kama hatakusikia, wataikuta njia ya tundu imezibwa na mwanamke aliyekaa kitako. Hamisi atapiga kelele, mwache apige. Ni Twaha atakayeambiwa anisogeze. Ana nguvu kaka yako, umemwona akibeba magunia. Lakini itabidi ainame, amshike mama yake mikono na kumwondoa mlangoni, na nitakuwa namtazama.

Nenda salama, mwanangu.

Mama yako,
Mwanaisha